Sauti ya Eliza ni ya Nani? Suala la Maadili katika My Fair Lady

Je, anayemfunza mtu lugha humiliki nafsi yake? Swali hili ndilo kiini cha My Fair Lady, filamu ya George Cukor ya 1964 iliyotokana na tamthilia ya muziki ya 1956, ambayo nayo ilichota kisa chake katika Pygmalion ya Bernard Shaw. Higgins anamfinyanga Eliza, muuza maua wa London, kwa kumbadilisha matamshi, kisha anajitwalia sifa. Katika maelezo yake ya 1916, Shaw alishikilia kuwa Eliza haolewi na Higgins bali na Freddy. Filamu, kwa kufuata ada ya futuhi ya mapenzi, inamrejesha kwa bwana anayeulizia sapatu zake.

Kinaya kikubwa zaidi kimo nje ya hadithi. Nyimbo nyingi za Eliza hazikuimbwa na Audrey Hepburn tunayemwona, bali na Marni Nixon, ambaye filamu haikumtaja. Mwanamke mmoja alinyang'anywa sauti, mwingine jina.

Katika tamthilia ya Shaw, Eliza anakiri kwamba heshima ya Pickering, wala si mazoezi ya Higgins, ndiyo iliyomfunza kujithamini. Utu, basi, hautokani na irabu zilizosahihishwa. Mwalimu anastahili shukrani, hastahili milki.