Isome Kabla Hujaondoka

Mwanangu, ukipewa hundi, isome mbele ya aliyekuandikia. Usione haya. Najua una haraka, na unahisi kuisoma mbele yake ni kumshuku. Si kumshuku. Kosa likionekana pale mezani, mwenyewe yupo na kalamu ipo. Likionekana benki, karani hana ruhusa ya kukurekebishia hata herufi moja.

Tazama tarehe. Tazama kiasi cha tarakimu na cha maneno, vilingane. Tazama sahihi. Halafu angalia kama imepigwa mistari miwili sambamba. Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Hundi yenye mistari hiyo hailipwi taslimu dirishani, hata ubembeleze vipi. Lazima iingie kwenye akaunti. Isiyo na mistari ipeleke benki ya aliyeiandika, si benki yoyote iliyo karibu nawe. Chukua kitambulisho chenyewe, si nakala. Wakitaka kumpigia simu mwenye akaunti kwanza, waache wapige. Na usitie sahihi nyuma yake ukiwa ungali njiani. Ikidondoka, umemrahisishia kazi atakayeiokota.

Jina nalo liangalie sana, mwanangu. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule hapa Mombasa, na mtaa mzima waniita kwa jina la kifungua mimba wangu. Mwalimu mmoja akaniandikia hundi kwa jina hilo hilo la Mama fulani. Nikashukuru, nikaitia mkobani. Benki wakatazama hundi, wakatazama kitambulisho, wakanirudishia. Shule ilikuwa imeshafungwa. Nikangoja mpaka muhula mwingine, na mwenye duka la vitambaa ananidai. Simlaumu mwalimu. Aliandika jina alilolijua. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia langu la kitambulisho.

Lakini lililoniuma zaidi ni hundi ya tarehe ya mbele. Mteja alichukua mzigo wote, akaniachia karatasi ya mwezi uliofuata. Nikaona nimeshalipwa. Nikakopa vitambaa vingine kwa kuitegemea. Siku ilipofika nikaiweka benki, ikarudi. Akaunti haikuwa na kitu. Baadaye ndipo nikaja kujua sheria inavyosema. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani anayetoa hundi akijua akaunti yake haina fedha za kutosha: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ila kosa hilo la kukosa fedha halihusu hundi ya tarehe ya mbele. Kwa hiyo ukikubali tarehe ya mbele, umekubali kumkopesha mtu. Kama unamwamini, mkopeshe. Mzigo usiutoe wote.

Zamani karatasi yenyewe ilisafirishwa kutoka benki moja hadi nyingine, nasi tukingoja siku nyingi. Tangu 2011 inayotumwa ni picha yake, na kungoja kumepungua sana. Hata hivyo kungoja kupo. Ukiweka hundi ya benki nyingine, usinunue kitu wala usimwahidi mtu kwa pesa hiyo mpaka benki iseme imepita. Sikuombi uvumilivu mkubwa, mwanangu. Ni siku chache tu za kazi, nami kwa kutongoja nililipa deni la vitambaa kwa miezi.

Usiikalie vilevile. Hundi ikizidi miezi sita haipokelewi tena, na wa kukuandikia nyingine huenda amehama. Na kazi ikikua, ukadai zaidi ya shilingi milioni 1, usipokee hundi kabisa. Tangu 2009 benki zetu hazipitishiani hundi ya kiasi hicho. Mwambie unayemdai atume fedha benki kwa benki.

Ukishapewa pesa dirishani, zihesabu pale pale. Foleni itanung'unika nyuma yako. Iache inung'unike, hesabu tena. Na karani akikuuliza wataka noti zipi, omba na ndogo ndogo, upate kuwalipa vibarua wako jioni bila kuzunguka ukitafuta chenji.