Waitikiaji Nao Wana Makaburi

Mwigizaji Steven Kanumba alipozikwa katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam, Aprili 2012, umati uliomsindikiza ulikuwa wa aina ambayo nchi yetu imezoea kuiona kwa viongozi wakuu. Baada yake wakazikwa pale wasanii wengine: Langa Kileo mwaka 2013, kisha Adam Kuambiana na Rachel Haule, wote wawili ndani ya Mei 2014. Mgeni anayeingia Kinondoni huuliza kaburi la Kanumba liko wapi. Wale wengine wamelala ndani ya eneo lilelile, mvua inayomnyeshea yeye inawanyeshea na wao, lakini ujirani huo haujawaongezea muulizaji. Basi makaburi yenye jina humpa nini maiti wake? Na kama hayampi kitu, mpiga ngoma aliyezikwa kijijini Handeni, chini ya tuta la udongo mwekundu lenye jiwe kichwani na jiwe miguuni, amepungukiwa na nini hasa?

Naamini hayampi kitu, kwa sababu umaarufu wa makaburi hutoka kwa wafu ukaingia katika ardhi, wala haurudi kwa wafu wengine. Makaburi ya Père Lachaise mjini Paris yanalionyesha jambo hili waziwazi. Yalipofunguliwa mwaka 1804 yalikuwa mbali na mji, na watu hawakupenda kuzika huko. Mwaka 1817 wakubwa wa mji wakayahamishia hapo mabaki yaliyosemekana kuwa ya Molière na ya La Fontaine, ili pahali papate heshima, na kweli matajiri wakaanza kununua nafasi. Molière alikuwa mwigizaji. Alipokufa mwaka 1673 alizikwa usiku, kwa kuwa Kanisa la wakati ule liliwanyima waigizaji maziko ya heshima. Mtu aliyefichwa gizani kwa sababu ya kazi yake akageuzwa, karibu miaka 150 baadaye, kuwa mtaji wa makaburi. Leo wageni huenda huko kumtafuta Édith Piaf au Jim Morrison, na njiani hupita makaburi ya waimbaji na waigizaji ambao majina yao hawayasomi. Kwa hiyo anayesema msanii mdogo wa Korogwe angekumbukwa zaidi laiti angezikwa Kinondoni anaitegemea ardhi ifanye kazi ya watu.

Neno lenyewe "msanii mdogo" linahitaji kuangaliwa, maana ndilo linalotufanya tuone kusahauliwa kwake ni jambo la kawaida. Nenda katika ngoma za huku Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mdumange na selo, zilizochezwa na Wazigua na jirani zao Wasambaa na Wabondei. Manju hutoa wimbo, waliomzunguka huupokea. Akiimba manju peke yake, wimbo ni nusu. Ni kama swali lisilojibiwa. Na kabla manju hajafungua kinywa, kuna mtu ameshafanya kazi pembeni ya uwanja: amekusanya majani makavu, amewasha moto, ameiinamisha ngoma ngozi ikielekea miali, anaizungusha polepole isiungue, anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha tena motoni mpaka sauti ikaze. Ngozi iliyolegea haimchezeshi mtu. Bwana huyu hatajwi popote, wala hakuna picha yake, na bila yeye hakuna ngoma usiku ule. Udogo wake haumo katika kazi. Umo katika masimulizi yetu juu ya kazi, na masimulizi ni mali yetu, twaweza kuyarekebisha.

Korogwe ina deni kubwa zaidi la namna hii kwa sababu ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba kama Magunga, Ngombezi na Mnyuzi yakawavuta vibarua kutoka pande nyingi, wengine kutoka nje ya mipaka ya nchi. Manamba hawa walikuja na ngoma zao. Baada ya wiki ya kukata majani ya mkonge kwa hesabu ya mzigo, ngoma ndiyo iliyomrudishia mtu utu wake: kambini alikuwa namba, uwanjani alikuwa fulani mwenye sauti. Wengi hawakurudi makwao. Walizikwa ugenini, na ile namba iliyowaita kazini ikadumu katika vitabu vya shamba kuliko jina lililowaita uwanjani. Hili linaniuma kuliko mengine yote. Daftari la mwajiri lilijua kuhesabu, na sisi tuliofaidi muziki wao hatukuwa na daftari.

Jina lenyewe pia huleta shida, maana msanii mara nyingi huzikwa na jina moja na kukumbukwa kwa jingine. Mkoa wa Tanga una mifano ya kutosha. Sharo Milionea, mchekeshaji na mwimbaji aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza Novemba 2012, miezi michache tu baada ya Kanumba, jina lake lilikuwa Hussein Ramadhani Mkieti. Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa Amri Athumani. TX Moshi William wa bendi ya Msondo alikuwa Shaaban Ally Mhoja Kishiwa. Hawa walikuwa wakubwa kiasi kwamba magazeti yaliyaunganisha majina yao mawili. Yule aliyepiga besi au aliyeitikia nyuma yao, anayejulikana kwa lakabu ya klabuni peke yake, hana anayemuunganishia. Kwa miongo mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya Bara, na mtangazaji akishataja bendi na wimbo alikuwa amemaliza. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Majina manne ya bendi tunayakariri, na waliokaa katika viti vya nyuma vya bendi hiyohiyo hatuwezi kuwataja.

Kusahau huku kuna hasara inayohesabika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, na kwa kuwa tunajua hivyo, hesabu ya haki za warithi wake ni nyepesi. Sasa mchukue mtunzi wa bendi ya mtaani ambaye tarehe yake ya kufa haikuandikwa popote, na kaburi lake halina maandishi. Miaka 50 ianze lini? Wajukuu wake waende Ofisi ya Hakimiliki na ushahidi gani? Kaburi lisilojulikana la mtu huyu limefunga mlango wa fedha za watu walio hai.

Wapo watakaosema kwamba hakuna jamii inayoweza kumkumbuka kila mtu, na kwamba kusahau ni rehema, la sivyo walio hai wangeshindwa kupumua kwa wingi wa wafu. Nakubali nusu ya hoja. Hatudaiwi kuomboleza kila aliyeshika kayamba. Lakini tofauti ipo kati ya kusahau na kutojua kabisa tangu mwanzo: anayesahau aliwahi kuandika au kusikia, na anayejua angalau mahali pa kutafuta anaweza kukumbushwa. Wengine watasema dini. Handeni na Korogwe zina Waislamu wengi, na wanazuoni wengi hawapendi kaburi lijengewe wala liandikwe. Hilo sina ugomvi nalo, kwani siombi saruji. Dini hiyohiyo humwombea marehemu kwa jina lake na la mzazi wake, fulani bin fulani, na katika hitima watu huulizana alikuwa nani. Hapo ndipo kazi yake ingetajwa pia, bila tofali hata moja.

Hoja nzito kuliko hizo ni ile isemayo kwamba ngoma ni ya wote, haina mwenyewe, na kutafuta majina ya mtu mmojammoja ni kuleta mambo ya kigeni. Ushahidi wake ni mkubwa. Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19 wakakimbilia Mto Juba walihifadhi lugha yao kwa zaidi ya miaka 150, mbali na makaburi ya wazee wao. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi yao walipokewa na Tanzania na kupewa makazi Chogo, hapa Handeni, wakaongea Kizigua na wenyeji. Lugha ilivuka bahari bila orodha ya majina. Lakini tazama walichobeba pamoja nayo: jina la Wanankhucha, mwanamke anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza kutoroka. Majina yalibebeka, basi. Lililobebwa ni la kiongozi, na ya wapiga ngoma waliowatia moyo njiani yakadondoka. Wala kutaja jina si ugeni kwetu: washairi wetu wamezoea kujitaja katika ubeti wa tamati. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hiihii, aliona inafaa kuandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad, na wale waliompigia Siti, akina Mbaruk Talsam, Subeti Ambari, Buda Suwedi na Maalim Shaaban, twawajua leo kwa kuwa kuna waliojali kuwataja. Hawana kaburi la kifahari linalotembelewa na wageni, na bado hawajapotea.

Vijiji vingi vya Handeni huanza na "Kwa": Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamgwe. Wenyeji wake ni watu waliozoea kuita mahali kwa kukumbuka, na kazi ninayoiomba haizidi hiyo. Shule ya kata ina walimu na madaftari. Bado wapo wazee Kideleko, Mkata, Manundu na Ngombezi walioitikia ngoma hizo wakiwa vijana na wanaojua nani alitoa wimbo, nani aliupokea, nani aliikausha ngoma motoni, na kila mmoja amelazwa wapi. Wewe msomaji wa huku, kabla ya hitima au ibada ya maziko ijayo kijijini kwako, chukua kalamu uwaulize.