Nani Atamsemea Mzee?

Baba mdogo alipigwa na kiharusi saa ya kukamua. Tulimkuta ameketi kwenye majani, ndoo imelala kando, maziwa yamefika hadi mlangoni mwa zizi. Macho wazi, neno halitoki. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani, tukatoka Plateau mbio kuelekea Eldoret mjini.

Jioni daktari alileta fomu ya upasuaji wa kichwa. "Nani anatia sahihi?" Watoto watano wakatazamana. Kifungua mimba alikuwa Qatar, simu haishikwi. Wa pili akasema mzee apasuliwe. Binti aliyekaa naye miaka yote akasema kwa sauti ndogo kwamba baba alishamwambia hataki kufunguliwa kichwa. Nani angemsikiliza, yeye asiyeolewa, mbele ya kaka zake? Fomu ikalala mezani hadi asubuhi. Mzee aliishi, ila hakurudi kusema.

Sisi huku kwa kamati hatujambo. Harusi ina mwenyekiti, mchango wa karo una mweka hazina, hata matanga yana katibu. Lakini kumtaja atakayekusemea ulimi ukifungwa, hapo tunanyamaza. Ati ni kujichuria.

Neno la mdomo nalo halina miguu. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alishikilia kwamba mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo ukasema azikwe kwao Nyalgunga. Hapakuwa na karatasi. Mwili ulisubiri hadi Mei 1987, ukoo ukashinda. Na huyo alikuwa mwanasheria!

Wengi hudhani dawa ni hati ya uwakili, ile ya kumtuma mtu akuuzie shamba. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza inasema hati hiyo hufa akili ya mwenyewe ikipotea. Gambuti inayovuja masika tu. Waingereza wenyewe walishaiziba mwaka 1985, wakairekebisha tena 2005. Kwetu, pesa za maziwa ya baba mdogo ziliendelea kuingia kwenye akaunti ambayo hakuna aliyeweza kuigusa, huku chakula cha ng'ombe kikikopwa dukani. Ikabidi binamu aende mahakamani na ripoti za madaktari, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura 248, aombe kuwa msimamizi wa mali. Ng'ombe mmoja aliuzwa kabla faili haijasomwa. Nani aliruhusu? Usiniulize.

Kwa matibabu, afadhali. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inatambua idhini ya mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi. Maandishi, si minong'ono ya zizini.

Yangu nimeandika. Sikumchagua mwanangu wa kwanza. Yule huingiwa na hofu akatia sahihi chochote anachopewa. Nimemchagua wa tatu, anayeweza kunitazama usoni akaniambia hapana. Nilimweleza kila kitu tukiwa tunapukuchua mahindi, maana ana kwa ana mezani ningeshindwa.

Mke wangu aliyasoma mara mbili, akauliza mbona si yeye. Nikamwambia yeye angeniacha kwenye mashine hadi Krismasi ya tatu. Akacheka, akaomba karatasi na yeye. Hadi leo hajaniambia ameandika jina la nani.