Weupe wa Punda Wako

Mjukuu wangu, umeniambia kwa furaha kwamba punda uliyemnunua mnadani hatapotea, maana utamtambua popote kwa mdomo wake mweupe. Hebu keti kwanza.

Huku kwetu Ilongero punda karibu wote wana mdomo mweupe, utadhani wamekunywa uji wakasahau kujipangusa. Macho yao yamezungukwa na weupe, tumbo jeupe, na mstari mweusi wa mgongoni hukatwa na mwingine mabegani ukawa msalaba. Hiyo si alama ya punda wako, ni sare ya ukoo mzima. Mimi niliambulia aibu. Jike langu lilipopotea nilikwenda kutoa taarifa kijijini, nikaulizwa alama zake. Nikajibu: wa kijivu, mdomo mweupe. Aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini, akanionyesha dirishani punda wanne waliobeba madumu ya maji. "Chagua, mzee." Sijampata hadi leo.

Enzi hizo ngozi za punda zilisakwa mno, zikachemshwe China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Serikali ilizuia uchinjaji mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara hiyo barani kwa miaka 15. Mwizi lakini hasomi matangazo. Hereni ya utambuzi ya serikali mvishe, ila ujue mwizi hukata sikio.

Wenye farasi wametuzidi hapa. Hati ya farasi huwa na mchoro wa mwili wake, na kila weupe huchorwa ulipo: nyota ya kwenye paji la uso, mguu ulio mweupe na weupe huo umepanda hadi wapi, hata pale manyoya yanapojizungusha kama kisulisuli. Nawe fanya hivyo. Mtazame asubuhi kabla hujampakia magunia ya alizeti. Ukiona baka jeupe, lilowanishe, tenga manyoya kwa kidole. Weupe wa kuzaliwa mara nyingi una ngozi ya waridi chini yake. Ule ulio pale panapokaa kamba au mzigo una habari nyingine: ngozi ikiumia sana, chembe zinazotia manyoya rangi hufa, na kidonda kikipona huota manyoya meupe. Muuzaji atakuapia kwamba amezaliwa nao. Mtu wa hivyo mimi sinunui kwake hata kuku.

Wako nilimkagua jana ulipokwenda kuoga. Begani kushoto ana vidoa viwili vyeupe, kila kimoja sawa na kizibo cha soda. Ni vya zamani, si vyako hivyo. Vipige picha kwa simu, uviandike nyuma ya risiti ya mnada. Kisha tupa ile kamba ya nailoni, na chini ya mzigo ukunje gunia nene. Kulia kuna kidoa cha tatu, na hicho bado kibichi.