Juu ya Jioni ya Picha pamoja na Watu wa Nyumba



Wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine tulipokutana njiani, kama ni vyema Wakristo kuwakusanya watu wa nyumba zao jioni, wazazi kwa watoto, ili watazame picha za sinema pamoja, wale chakula, na watoto wapewe michezo. Wako walioulizia habari hii kwa sababu wamesikia tuliyoyafanya huku Matamba. Wako pia walioulizia kwa sababu wamesikia tulivyokosa. Basi tutasema yote mawili, wala hatutaficha.

Kwanza, habari ya picha zenyewe. Wako ndugu wasemao kwamba picha si kazi ya Kanisa, maana mtu huamini kwa Neno alisikialo, wala si kwa kitu akitazamacho. Jambo hilo ni kweli, hatulipingi. Walakini na tukumbuke yaliyotokea Wittenberg. Luther alipokuwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa mji ule walianza kuziondoa picha makanisani na kuzivunja, wakidhani kwamba ndivyo Injili itakavyo. Mwezi wa Machi mwaka 1522 akatoka mafichoni, akahubiri siku nane mfululizo, akawatuliza. Sanamu iliyo moyoni haing'olewi kwa shoka, ndugu zangu. Huondolewa kwa Neno. Na mwaka 1529, mwaka ule ule wa Katekisimo Ndogo, alikitoa tena kitabu chake cha sala, akakitia picha nyingi za habari za Biblia tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu, maana aliona kwamba hao hukumbuka zaidi wakiona na kusikia pamoja. Basi mtu asituambie kwamba picha ni jambo geni kwetu sisi Walutheri.

Wala si geni katika nchi hii. Wamisionari wa zamani walizoea kusafiri na taa ya picha. Tena katika miaka ya 1935 hata 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani, lilianzisha kazi ya kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa picha kama 35, za afya, za kilimo, za kuweka akiba posta, na nyinginezo, nazo zikachukuliwa kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, zikaonyeshwa usiku mbele ya watu wengi. Mengi katika kazi ile yaliamuliwa na wageni juu ya watu wasioulizwa, nasi hatuisifu kupita kiasi. Lakini walifahamu jambo moja, kwamba Mwafrika hatazami picha peke yake. Hutazama huku akizungumza na jirani yake.

Sasa tazameni nyumba zetu. Nyumba ina watu wanne na simu tatu. Kila mwenye simu ameinama juu ya mwanga wake mdogo, na yule wa nne, ambaye mara nyingi ni mtoto, anachungulia begani mwa mkubwa. Au huenda kwenye kibanda cha video, alipe sarafu yake, aone watu wakipigana mapanga hata usiku. Basi hatuulizi tena kama watoto wetu wataona picha. Wameshaziona. Twauliza ni nani aketiye kando yao wanapoziona, na ni nani atakayewajibu wakiuliza.

Torati yaagiza wazazi wayazungumze maneno ya Mungu na watoto wao, waketipo nyumbani na waendapo njiani. Na siku ya Pasaka, mtoto alipouliza maana ya desturi ile, baba alipaswa kumjibu palepale, chakula kikiwa mbele yao. Angalieni, chakula kilikuwapo! Israeli hawakufundisha watoto wao wakiwa na njaa. Katekisimo Ndogo nayo, katika vichwa vya sehemu zake, yamwelekea mwenye nyumba, kwamba ndiye awafundishe watu wake. Haikuandikwa kwa ajili ya mchungaji peke yake. Twasema hivi kwa kuwa wazazi wengi wametuachia sisi kazi hii, nasi tumeipokea kwa majivuno, kana kwamba ni heshima.

Basi, tulipopewa projekta kwa kuazima, ikapandishwa toka Chimala kwa pikipiki katika barabara ile ya kona 57 (aliyeibeba mgongoni asema alizihesabu zote, na kila kona aliomba), tulitengeneza jioni yetu ya kwanza. Tukachagua neno moja liongoze mambo yote: mikate mitano na samaki wawili. Picha ilikuwa ile ya maisha ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, nayo inasemwa kwa Kiswahili. Chakula tukakipatanisha na neno letu: akina mama wakaoka mikate ya ngano, wakakaanga usipa wa Ziwa Nyasa, na kwa kuwa hapa ni Matamba, viazi havikukosa. Watoto wakatengeneza mashua kwa mabua ya mahindi, na wakubwa wao wakaigiza habari ile. Mmoja wao alikuwa yule kijana mwenye mikate. Hapo mwinjilisti wetu akawauliza swali jema: Luka amemtaja kijana huyo? Wakatafuta, wasimwone, yumo katika Yohana tu. Swali hilo liliwafanya wafungue Biblia kuliko hotuba zetu nyingi.

Jioni ile ilipendeza, nasi tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Siku ya Jumanne tulikwenda kuwatazama wagonjwa, tukapita kwa bibi mmoja mzee anayelea wajukuu wanne. Tukamwuliza mbona hakuja.

Akasema, “Baba Mchungaji, tulikuja.”

Ndugu, tangazo letu lilisomwa kanisani Jumapili mbili. Lilisema: baba, mama na watoto wao waje, na kila nyumba itoe shilingi elfu mbili kwa ajili ya chakula na mafuta ya jenereta. Sisi wenyewe tuliliandika. Bibi yule alikuja na shilingi elfu moja na kopo la maharage, pamoja na watoto wale. Mzee aliyesimama mlangoni si mtu mbaya. Alishika tangazo letu kama tulivyomwagiza. Akamwambia kwamba jioni hii ni ya baba na mama na watoto wao, na fedha haijatimia. Basi wakatoka. Kulikuwa na baridi, nanyi mwaijua baridi ya huku. Wakasimama nyuma ya dirisha, na kwa kuwa shuka yetu ilitundikwa karibu na dirisha lile, wakaiona picha kwa upande wa nyuma, mambo yote yamegeuka, kulia kukiwa kushoto. Wakaona mikate ikigawanywa. Kisha wakaenda zao.

“Hatukukasirika,” akasema. “Ila huyu mdogo aliniuliza kama wale watu elfu tano walilipa.”

Hatukuwa na neno la kumjibu. Luka asimulia kwamba wale Thenashara walimtaka Bwana auage mkutano, watu waende vijijini wakajitafutie chakula, naye akawaambia wawape wao. Sisi tuliionyesha habari hiyo ukutani, huku mlangoni tukifanya kama wale Thenashara walivyotaka.

Tena fikirini ni nchi gani tuliyoandikia tangazo lile. Katika Makete yote ni nyumba ngapi zisizo na baba wala mama? UKIMWI umepita hapa kwa miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa nchini katika miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Mkoa wa Njombe umetangulia mikoa yote, watu wazima karibu 13 katika kila mia wakiishi na virusi. Sasa dawa zipo, na wengi wanaishi na kulea watoto wao, Mungu ashukuriwe na wauguzi nao. Lakini wako watoto ambao wazazi wao walikwenda kabla dawa hazijafika, nao sasa ni vijana wenye watoto. Wako mabibi waliolea mara mbili. Nasi tukaandika: baba, mama na watoto wao. Tuliandika kana kwamba tunaishi katika nchi nyingine.

Tulikwenda kwanza kwa mzee wa mlangoni, tukamwambia kwamba kosa si lake, ni la barua. Jumapili iliyofuata tukalisema kosa letu mbele ya usharika. Wengine hawakupendezwa, walisema mchungaji akijishusha namna ile atadharauliwa. Hatujui. Tunajua kwamba kila Jumapili tunawaongoza watu katika kuungama dhambi zao, na itakuwa ajabu ikiwa sisi peke yetu hatuna.

Jioni ya pili tuliandika: watu wa nyumba ni wale walao chungu kimoja. Luther naye, alipoeleza ombi la nne, juu ya mkate wa kila siku, alihesabu humo si chakula tu, bali na watu wa nyumba, hata na majirani wema. Asiye na nyumba aje na jirani. Mwenye kitu alete kitu. Asiye nacho alete kikombe. Fedha ya mafuta ikatoka katika mfuko wa usharika, na haikutimia, tukaongeza.

Sasa tuseme machache kwa waalimu watakaotaka kufanya vivyo hivyo.

Chakula kiliwe kabla ya taa kuzimwa, na wadogo wapewe kwanza. Mtoto mwenye njaa haoni picha, aona sufuria. Bisi za mahindi zaweza kungoja hata picha ianze. Watoto wamezoea kuzitafuna wakitazama, wala hakuna dhambi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ikiwa kali namna gani. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala, na jambo hili twalisema kwa ukali kwa sababu katika milima hii limeua. Watu walete mablanketi.

Picha isiwe ndefu. Picha ile ya Yesu yakaribia saa mbili, nasi hatuionyeshi yote usiku mmoja. Mateso ya Bwana twayaweka jioni nyingine, kwa watoto wakubwa, mzazi au mlezi akiketi karibu. Mtoto mmoja alilia sana, akauliza kama yule mtu alikufa kweli. Msipite haraka juu ya swali kama hilo! Tulimwambia: yule uliyemwona ni mwigizaji, Mwingereza, jina lake Brian Deacon, kazi ilipokwisha alijiosha ile rangi nyekundu, akaenda kula. Lakini Bwana Yesu, ambaye uso wake hatujauona, yeye alikufa kweli, akafufuka kweli. Mtoto asipofundishwa tofauti hiyo, atakua akiomba huku akiuona moyoni uso wa mwigizaji. Au, lililo baya zaidi, atafikiri kwamba na msalaba ulikuwa mchezo.

Mkichagua neno la uumbaji, hamhitaji kwenda mbali. Nyanda za Kitulo, ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu, na ambazo serikali ilizifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ziko juu yetu hapa. Wakati wa mvua maua hujaa. Watoto wayachore. Wasiyachimbe kwa ajili ya kupamba kanisa, maana mengine yanazidi kupungua kwa kuchimbwa mizizi yake, ambayo huvushwa kwenda kuliwa Zambia.

Na juu ya haki za wenye picha: sinema ni kazi ya mikono ya watu. Kuinakili pasipo ruhusa na kuionyesha mbele ya watu ni jambo la amri ya saba, hata likifanywa kanisani. Tena nchi yetu ina sheria ya filamu tangu mwaka 1976, na bodi ya kuzipima. Ulizeni kwanza.

Mwisho, msimruhusu mchungaji asimame na kuhubiri nusu saa baada ya picha. Twajisema sisi wenyewe. Acheni wenye nyumba wakae na watu wao, wawaulize swali moja au mawili, kisha waende kulala.

Jioni yetu ya tatu tumeiweka baada ya kuvuna viazi. Neno lake ni mwana aliyepotea na karamu ya baba yake. Shuka itatundikwa ukuta wa pili, mbali na dirisha. Mzee yule yule atasimama mlangoni, kwa kuwa aliomba mwenyewe asimame tena. Bibi tuliyemtaja ametuma neno kwamba ataleta maharage. Tulimjibu kwamba kikombe chatosha. Amekataa.