Jazi Kiwayu: Tafakuri juu ya Asili

Vitabu vya shule hupenda majibu ya haraka. Jazi ilizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa watu weusi waliotoka utumwani. Mwanafunzi anaandika, anapata alama, anasahau. Lakini mtoto wa Kibajuni aliyekaa darasani kisiwani Kiwayu, huku Lamu, pwani ya Kenya, bahari huku na bahari huku, ana haki ya kuuliza: jambo hili lanihusu nini?

Jibu jepesi ni la damu: jazi ina mizizi Afrika, nawe ni Mwafrika, basi ni yako. Jibu hilo ni tamu, ila halisimami. Waliopelekwa Louisiana walichukuliwa kwa wingi Afrika ya Magharibi na Kongo. Watumwa wa mwambao wetu wengi walivushwa kwenda Zanzibar, Uarabuni na Ghuba, na wengine walibaki papa hapa wakilima mashamba ya mabwana wa Lamu. Anayekimbilia kudai ukoo na New Orleans anairuka historia ya mlangoni pake.

Undugu upo, lakini ni wa tendo. Miaka ya 1890, vijana weusi wa New Orleans walipokuwa wakipuliza tarumbeta kwenye sherehe na maziko, vijana wa Mombasa na Lamu nao walikuwa wakianzisha ngoma ya beni. Walizitazama bendi za kijeshi za wageni, wakatwaa gwaride, sare na vyeo, wakavitia katika mashindano yao ya zamani ya mtaa kwa mtaa. Hawa na wale hawakujuana. Walilofanana ni hili: walichukua muziki uliotungwa ili watu watembee kwa amri, wakaufanya uwe wa kutambiana, kuchekana na kuliliana.

Lamu ilikuwa na pembe yake kubwa tangu kale, siwa. Pate, kisiwa jirani, nacho kina yake: ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Ilipolia, kila mtu alijua kwamba watu wa daraja wana shughuli. Maana yake ilikuwa imekwisha kuwekwa kabla ya mpulizaji kuvuta pumzi. Beni haikuwa na urithi huo. Kila jioni maana yake ilibidi itafutwe upya, kwa kujibiwa na upande wa pili. Hapo ndipo inapokutana na jazi, ambayo mpigaji wake hupewa wimbo unaojulikana, kisha hutakiwa aseme neno lake humo humo, papo kwa papo, wenzake wakimsikiliza na kumjibu.

Ndiyo maana mwanzo wa jazi hauwezi kushikwa mkononi. Buddy Bolden, mpulizaji ambaye New Orleans ilimkumbuka kama mkubwa wa kwanza, hakuna sauti yake inayojulikana kubaki. Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka mwaka 1917, na waliopiga ni bendi ya Wazungu. Baadaye Louis Armstrong alimfungulia mpigaji mmoja uwanja wa kujieleza peke yake. Miaka ya 1940 Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakauharakisha na kuuchanganya muziki hata wacheza dansi wengi wakaketi kusikiliza, na Armstrong yule yule akaudhihaki. Kila kizazi kiliambiwa kimeharibu, na kwa kuharibu huko jazi ikaendelea.

Somo hili linatugusa Kiwayu mahali panapouma. Wabajuni wana vave, nyimbo za wakulima zilizoimbwa usiku kabla ya kuchoma mashamba ya bara. Vita vya Shifta, vilivyopiganwa kaskazini mashariki mwa Kenya miaka ya 1960, viliwatoa watu wengi katika mashamba hayo, na ukosefu wa usalama wa miaka ya karibuni ukazidi kuyafunga. Wimbo wa shamba usio na shamba una maana gani? Wazee watasema, kwa haki yao, kwamba vave ikiimbwa jukwaani si vave. Mtafiti atairekodi na kuihifadhi kabatini.

Lakini nyimbo za kazi za watumwa wa Marekani nazo ziliachwa na mashamba yake. Hazikuokolewa kwa kulindwa zisiguswe. Waliozirithi walizipeleka mjini, wakazipa gitaa, piano na huzuni mpya, nazo zikaingia katika blues na jazi. Kilichobaki si maneno yale yale, ni desturi ya mmoja kuanza na wengine kuitikia.

Basi mwalimu wa Kiwayu asimalize somo kwa kutaja miaka na majina. Amwombe mzee aje aanzishe vave darasani, watoto waitikie, kisha awaruhusu waongeze beti zao: za jarife, za kamba mawe, za boti ya injini, za doria. Baadhi ya beti zitakuwa mbaya, na mzee atakunja uso. Aachiwe akunje, tena aseme ni kwa nini, maana naye atakuwa anajibu. Na wimbo ambao bado watu wanabishania haujafa.