Gunia la Mwenyeji Wako

Andiko la kusoma: Kumbukumbu la Torati 16:13-17, 1 Wafalme 17:8-16, 2 Samweli 23:13-17

Tumeingia msimu wa kualikwa. Mahindi yanavunwa Trans Nzoia na Uasin Gishu, shule zinafungwa, na simu za kutoka mashambani zimeanza kulia: njooni tumshukuru Mungu pamoja, mavuno yameingia. Kabla hatujapanda gari, nataka tujiulize swali moja. Mtu aliye na kidogo akikupa kingi, ni haki kupokea?

Wako wanaojibu haraka kwamba baraka haikataliwi. Wengine nao husema usile jasho la mnyonge. Wote wawili wana maandiko mkononi, kwa hivyo tusikimbilie kufunga mjadala.

Sikukuu ya mavuno

Waisraeli walikuwa na mkusanyiko wao wa mavuno majira ya vuli. Ulianza siku ya 15 ya mwezi wa saba, ambayo kwa kalenda yetu huangukia Septemba au Oktoba. Nafaka imekwisha kuingia ghalani, zabibu zimekamuliwa, na mvua bado haijaanza. Kwa siku saba watu walitoka nyumbani wakakaa katika vibanda vya matawi, na Walawi 23 inatueleza sababu: wakumbuke kwamba Mungu aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri.

Hebu fikiria hilo. Ghala likiwa limejaa, ndipo mwenye nyumba anaambiwa alale kibandani. Kwa juma zima tajiri na asiye na shamba wana paa la aina moja. Halafu Kumbukumbu la Torati 16 inataja wa kufurahi pamoja: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mgeni ana kiti katika karamu ile kwa amri ya Mungu. Lakini mistari inayofuata inasema pia kwamba asitokee mtu mikono mitupu mbele za Bwana, kila mmoja atoe kulingana na alivyobarikiwa. Kwa hiyo ile furaha ilikuwa na wenyewe wengi, na kila mmoja alikuwa na lake la kuleta.

Magunia matano barazani

Novemba mwaka jana watu wanane kutoka ushirika wetu wa nyumbani tulisafiri kuwatembelea marafiki upande wa Kitale, mbele kidogo ya Moi's Bridge. Ni karibu kilomita 380 kutoka Nairobi, kwa hivyo tulilala. Hawa ni mtu na mkewe tulioomba nao miaka mingi mjini, kisha wakarudi nyumbani kulima. Tulipofika, shambani bado kulikuwa na mabua yaliyokatwa na kusimamishwa pamoja ili yakauke, ukiyaona kwa mbali unadhani ni kijiji cha vibanda vidogo. Tukala kuku wa kienyeji, ugali wa unga mpya, mboga za kienyeji na maziwa. Tukaimba mpaka usiku.

Asubuhi mwenyeji wetu alitupeleka ghalani akatoa ushuhuda. Ekari mbili zilikuwa zimempa magunia 31, na alimtukuza Mungu kwa kila moja. Kisha akatupigia hesabu, bila kulalamika. Magunia 10 ni ya deni la mbolea na trekta. Manane ni karo ya watoto wawili mwezi wa Januari. Saba ni ya kula, kwa maana nyumba ile ina watu saba. Yanabaki sita, na katika hayo sita kuna dawa, mavazi, na mbegu ya msimu ujao.

Tulipotoka tukakuta barazani magunia matano, midomo imeshonwa. Tulikuwa tumetoka katika nyumba tano.

Hapo ndipo mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, aliuliza, "Mama, haya ni yetu kweli?" Mwenye nyumba akajibu, "Ni yenu, mama. Mungu ametupa." Yule mama akamshika mkono akasema, "Asante sana. Basi langu naliweka kwako. Nipimie gorogoro tano nikaonje nyumbani, zilizobaki nitunzie. Mwezi wa sita nitakuja nizile hapa hapa." Mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Sawa mama, lakini uje na meno." Watatu wengine wakafanya vivyo hivyo. Wa tano alikuwa ndugu aliyekaa miezi mingi bila kazi, na watoto wanamngoja katika chumba cha kupanga. Yeye alibeba gunia lake zima, na hakuna aliyemwangalia vibaya.

Eliya au Daudi?

Tuliposimama Eldoret kunywa chai, ndugu mmoja hakuwa ameridhika. Alisema mama alimvunja mwenyeji moyo. Akamtaja Eliya kule Sarepta. Mjane alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni mbili apike chakula cha mwisho na mwanawe. Eliya hakumwonea haya, aliomba mkate, tena akaomba wake uandaliwe kwanza. Kama nabii angejifanya mwenye huruma na kukataa, je, yule mjane si angekufa na kuni zake mkononi?

Mwingine akamjibu kwa habari za Daudi. Daudi alikuwa ngomeni akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliona kwamba ni kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima, na naona maandiko haya mawili hayagombani. Angalia kwanza kilichoombwa. Eliya alikuwa na njaa katika nchi iliyokuwa na ukame, na aliagizwa na Mungu kwenda pale. Daudi alisukumwa na hamu tu. Angalia pia kilichofuata. Eliya hakubeba mkate akaenda zake. Alikaa, na andiko linasema walikula siku nyingi, yeye na mjane na nyumba yake. Kama pipa lingeisha, lingeisha naye akiwemo. Daudi naye hakuwarudishia mashujaa maji yao kana kwamba si kitu. Aliyapokea, akaona bei yake, akayapandisha juu kuliko kiu yake.

Kwa hiyo naona maswali ya mgeni ni mawili. Hili ninalopewa, ni hitaji langu au ni hamu yangu? Na pipa likipungua, nitakuwepo?

Kukataa kabisa pia kuna ubaya wake. Ukimrudishia maskini zawadi yake machoni pake, unamwambia kwamba yeye ni wa kupewa tu, hana kimo cha kutoa. Bwana Yesu alimwona mjane akitia senti mbili katika sanduku la hazina, akijua ndizo riziki yake yote, na hakumzuia mkono. Tena aliwaagiza wanafunzi wale wanachowekewa mbele yao. Basi ukiandaliwa kuku, kula kwa furaha, na usihesabu mapaja. Chakula cha mezani tunakula sote, mgeni na mwenyeji, na anayetoa anashiba pamoja na anayepewa. Kile kinachoingia kwenye buti ya gari ndicho cha kukipima, kwa sababu kitaliwa na upande mmoja.

Chakula cha bure

Sisi wa mjini tuna msemo kwamba ushago chakula ni bure. Hebu tuulize wanaolima. Ekari moja inataka kilo 10 hivi za mbegu, mbolea ya kupandia, na nyingine ya kukuzia. Mahindi ya nyanda za juu, kama ile mbegu ya 614 inayopendwa Kitale, hupandwa Machi au Aprili na hukaa shambani miezi sita na zaidi. Yakivunwa lazima yakaushwe vizuri. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na kuna sababu. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua zaidi ya watu 100 katika nchi hii, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hivyo lile gunia kavu barazani limeanikwa, limeanuliwa kila wingu likitanda, na kuanikwa tena.

Kisha kuna hesabu moja ambayo kila msafiri aijue. Inakadiriwa kwamba Mkenya mmoja hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Ukipakia gunia, umepakia mwaka mzima wa mtu. Ukiwa na njaa kama yule ndugu yetu, beba bila aibu. Mungu mwenyewe aliagiza pembe za shamba ziachwe kwa ajili ya maskini na mgeni. Lakini kama kwako unga haujakatika, simama kwanza uulize mwaka huo ni wa nani.

Mwezi wa sita yule mama alipanda matatu akaenda. Majira hayo mahindi ya shambani bado ni mabichi na ghala limebaki na vumbi. Mwenyeji alimwambia kwa uso wa aibu kwamba gunia lake lilikuwa limeuzwa mtoto alipolazwa. Mama akamjibu, "Ndiyo maana nililiacha." Akafungua mkoba akatoa sukari, mafuta ya kupikia na unga, wakapika.

Wapendwa, Desemba hii wengi wetu tutasafiri. Usiende mikono mitupu. Kula unachoandaliwa, na usimame na mwenyeji wako jikoni na shambani, usikae tu kama mheshimiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, basi wewe liombe jembe hata kabla hujapewa. Ukipewa cha kubeba, pokea kwa mikono miwili na kwa shukrani, halafu pima kwa hitaji lako. Kisha andika katika kalenda yako siku moja ya mwezi wa sita, uende tena wakati hakuna aliyekualika.

Bwana atupe macho ya kuona bei ya tunachopewa, na miguu ya kurudi ghala likiwa tupu. Amina.